Ukiketi na Baba Mkwe Anayebuni Risasi: Namna ya Kufuata Mazungumzo na Kujua Pa Kucheka

Nilioa Idaho, Marekani. Mke wangu alinionya kuhusu baridi, kuhusu viazi, na kuhusu mama yake. Kuhusu gereji ya baba yake hakusema kitu.

Jioni ya kwanza, tukiwa mezani, mzee aliniuliza ninafanya kazi gani. Nikamwambia nakereza vyuma. Uso ukamng'aa. Akasogeza sahani, akaweka mbele yangu ganda la risasi nene kama kidole gumba cha mbeba magunia, lakini shingo yake imebanwa hadi ukidumbukiza penseli mdomoni haiingii. Akasema, bila hata kope kucheza: ".22 Eargesplitten Loudenboomer."

Nikaitikia kwa heshima, kama inavyompasa mkwe. Kisha nikauliza kama huyo Loudenboomer alikuwa profesa wa Kijerumani.

Meza nzima ilicheka mpaka mama mkwe akatoka kwenda jikoni. Mimi sikucheka kwa sababu mbili. Kwanza, sikuelewa. Pili, mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Kwetu utani una wenyewe: Mzaramo akinitania msibani nitanyamaza, maana ndiyo haki yake tangu enzi za misafara. Lakini baba mkwe? Huyo unamwamkia ukiwa umeinama. Hakuna aliyenifundisha la kufanya baba mkwe anapoanza yeye.

Miaka 6 imepita. Yafuatayo ndiyo ningependa mtu angeniambia kabla ya jioni ile. Hutapata humu kipimo chochote cha baruti, na ukikipata pengine kwa ajili ya risasi za aina hii, usikiamini. Sababu nitaifikia. Humu tunajifunza kusikiliza, kupiga hesabu kichwani, na kujua pa kucheka.

Anza na maneno. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba, baruti ndani yake, fataki ya kuiwasha kitakoni, na kichwa kinachoruka. Mswahili huita vyote "risasi", na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza, kwa sababu wazee hawa wakizungumza hutofautisha kila kipande kama mama anayetofautisha mapacha. (Neno fataki nililificha kwa muda. Mke wangu alikuwa ameshajifunza kutoka kwa dada zangu kwamba Tanzania fataki ni mwanaume mtu mzima anayewahonga wasichana wa shule, na sikutaka kumweleza kwa nini baba yake ana makopo 10 ya fataki kabatini.)

Uzito wanaupima kwa greni, kipimo cha kale kilichotokana na punje ya nafaka. Greni 7,000 ni ratili moja. Greni 50 ni gramu 3 na robo hivi. Kasi wanaipima kwa futi kwa sekunde. Usihangaike na kikokotoo mezani: ondoa sifuri moja, zidisha kwa 3. Futi 4,000 zinakuwa mita 1,200, na kosa lake ni dogo kuliko chumvi ya mzungumzaji. Sauti hewani husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Kwa hiyo mtu akikutajia futi 4,000, anasema kitu kinachokimbia mara 3 na nusu ya sauti. Mnyama hasikii mlio. Anayesikia ni jirani.

Sasa neno lenyewe. Risasi isiyotengenezwa na kiwanda chochote, iliyobuniwa na mtu gerejini kwa kuchukua ganda la risasi nyingine na kulibana au kulipanua shingo, wao wanaiita paka mwitu. Mimi namwita kimburu, yule paka wa porini anayefanana na wa nyumbani mpaka ujaribu kumshika. Jina linafaa. Kimburu hana mwenyewe, hana cheti. Marekani ina taasisi inayoitwa SAAMI, ipo tangu 1926, kazi yake ni kuweka vipimo na mipaka ya shinikizo ili risasi ya kiwanda hiki iingie salama kwenye bunduki ya kiwanda kile. Kimburu hajapita huko. Vipimo vyake vimo daftarini mwa mzee mmoja, na mtutu wa bunduki yake umetobolewa kwa kekee iliyonolewa kwa ajili yake peke yake. Ndiyo maana nikasema usiamini kipimo cha baruti cha kuokota: kilichokuwa salama kwenye mtutu wa mzee huyu kinaweza kupasua komeo, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, kwenye bunduki ya mwingine, hata kama majina ya risasi yanafanana herufi kwa herufi.

Hatua inayofuata ni kusoma majina, na hapa uwe tayari kudanganywa na kila namba. Namba ya kwanza inadai kuwa upana wa tundu la mtutu kwa sehemu za inchi. Inadai tu. .220 Swift, .222 Remington, .223 Remington na .22-250 zote zinarusha kichwa cha upana uleule mmoja, inchi 0.224, yaani milimita 5.7. Mbona majina manne? Kwa sababu mwenye duka hawezi kukuuzia kitu kipya kwa jina la zamani.

Namba ya pili ni mbaya zaidi. Kwenye .30-30, 30 ya pili ilikuwa uzito wa baruti kwa greni. Kwenye .30-06, 06 ni mwaka 1906. Kwenye .22-250, 250 ni jina la risasi mama ambayo ganda lake lilibanwa shingo. Na kwenye .250-3000 ya kampuni ya Savage, 3000 ni kasi. Hiyo ya mwisho naipenda kuliko zote. Charles Newton aliibuni, Savage wakaitoa 1915, na kichwa chake kilikuwa cha greni 87. Kwa nini 87, namba isiyo na mpango? Kwa sababu kichwa kizito zaidi hakikufika futi 3,000, na tangazo la biashara lilitaka 3,000. Walipunguza nyama mpaka mizani ikasoma bei waliyokwisha kuitangaza.

Kwa hiyo ukitajiwa jina usilolijua, usitingishe kichwa kama unaelewa. Uliza: "Ganda mama ni lipi?" Swali hilo pekee litakupandisha kutoka mgeni hadi mtu wa kupewa kiti. Mzee atakueleza ukoo wote, nani kamzaa nani, na wewe mtu wa kwetu uliyekulia kwenye kutaja mababu hutachoka upesi.

Ukoo wa risasi iliyonichekesha baadaye ndio huu. Mwaka 1911 kampuni ya John Rigby ya London ilitoa .416 Rigby, risasi ya tembo na nyati, ambayo baadhi ya wawindaji waliibeba kwenye nyika zetu za Afrika Mashariki. Ganda lake ni pana na refu, lilifanywa hivyo makusudi ili shinikizo libaki dogo kwenye joto la tropiki. Mwaka 1953 Roy Weatherby, Mmarekani aliyependa kasi kama vijana wa bodaboda, alichukua umbo la namna hiyo, akalivisha mkanda kitakoni, akatoa .378 Weatherby Magnum. Kisha ganda hilo likapata watoto wawili waliokwenda njia tofauti. Mmoja alipanuliwa mdomo mwishoni mwa miaka ya 1950 akawa .460, kwa sababu kanuni za uwindaji za Kenya zilitaka mtutu usiopungua .40 kwa wanyama wakali. Huyo akaenda kuwinda tembo.

Wa pili alibanwa mdomo hadi .22. Huyo ndiye Loudenboomer.

Fikiria vizuri: ganda lililozaliwa kwa ajili ya tembo, limenyongwa shingo ili liteme kichwa chembamba kuliko penseli. Hapa Idaho kinacholengwa na .22 za kasi ni kuchakuro, wale wanyama wadogo wanaochimba mashimo kwenye mashamba ya lusina, mashimo ambayo wafugaji husema huvunja miguu ya ng'ombe. Ni sawa na kukodi treni ya Dar mpaka Kigoma kupeleka barua.

Aliyemtengeneza Loudenboomer ni Parker Otto Ackley, anayejulikana zaidi kama P.O. Ackley. Alikuwa fundi bunduki, akafundisha ufundi huo chuoni Trinidad, Colorado, baadaye akahamia Salt Lake City, Utah. Sifa yake kubwa ni kwamba alijaribu yale ambayo wengine waliyabishania tu. Alichukua bunduki za kijeshi za mataifa mbalimbali akazijaza kupita kiasi makusudi, kwa mbali, kwa kamba, kuona zipi zitapasuka. Bunduki nyingine ambazo kila mtu alizidharau zilivumilia kuliko zile zilizosifiwa. Mtu wa namna hiyo akikuletea mzaha, mzaha wake una vipimo.

Aliombwa na Bob Hutton, mwandishi wa jarida la Guns & Ammo, atengeneze .22 itakayovuka futi 5,000 kwa sekunde. Wakati huo bingwa wa kiwandani alikuwa .220 Swift ya Winchester, iliyotoka 1935, kichwa cha greni 48, futi 4,110. Ackley akachukua ganda la .378 na kumpa jina la Kijerumani cha uongo, ambalo kila Mmarekani huona papo hapo kuwa ni Kiingereza kilichovaa kofia ya Kijerumani. Kwa Kiswahili ningemwita Kipasuasikio Mshindomkuu. Lugha yetu inaweza kuunganisha maneno kuliko hata hiyo ya uongo.

Alifika futi 4,600.

Hapo ndipo mzaha wenyewe ulipo, na huwezi kuuona bila hesabu. Swift: futi 4,110. Loudenboomer: futi 4,600. Ganda lililojaa kiasi cha karibu mara 3 ya lile la Swift limeongeza kasi kwa asilimia 12. Niliporudia hesabu hiyo usiku ule kitandani, ndipo nikacheka, peke yangu, saa 6, mke wangu akaniuliza kama naumwa.

Kwa nini inakuwa hivyo? Nitumie picha mbili, kwa sababu moja haitoshi.

Ya kwanza ni Uwanja wa Mkapa. Watu 60,000, mpira umekwisha, geti lililofunguliwa ni moja. Ukiongeza watazamaji 60,000 wengine ndani, geti halitoi watu mara mbili kwa dakika. Kinachoongezeka ni msongamano, na wa mbele wanaumia. Mtutu wa .22 ndio geti. Wenye fani wana neno la ganda lililozidi tundu lake, na kipimo chake ni rahisi: ujazo wa ganda ugawe kwa eneo la tundu. Kadiri jibu linavyokuwa kubwa, ndivyo kila punje ya baruti unayoongeza inavyokulipa kidogo.

Ya pili ni lori. Baruti nayo ina uzito. Ikishawaka haipotei, inageuka gesi, na gesi hiyo lazima ikimbie ndani ya mtutu ikifuata kichwa. Kwa makadirio ya siku nyingi ya wapiga hesabu, unaongeza theluthi ya uzito wa baruti kwenye uzito wa kichwa, ndipo unapata mzigo halisi unaosukumwa. Namba hizi ni za kuhesabia tu. Kichwa cha greni 50, baruti greni 30: mzigo ni 50 na 10, jumla 60. Sasa baruti greni 120: mzigo ni 50 na 40, jumla 90. Karibu nusu ya mzigo ni baruti inayojisukuma yenyewe. Lori limebeba mafuta ya kulipeleka lori. Kichwa kimekaa pembeni kama utingo, kinapelekwa kwa hisani.

Na kuna dari. Gesi ya baruti haiwezi kukimbia kasi yoyote unayoitaka. Hata usingeweka kichwa kabisa, gesi tupu ina mwisho wa mbio zake. Kichwa hakiwezi kuipita gesi inayokisukuma. Kila futi unayoongeza ukikaribia dari hiyo unainunua kwa bei ya juu zaidi.

Marehemu babu yangu alikuwa na gobore kule Tabora, la kushindilia kwa mdomoni. Kipimo chake cha baruti kilikuwa kiganja, na kikubwa zaidi kama nguruwe walikuwa wameshaingia kwenye mihogo. Nilipomsimulia baba mkwe habari hiyo alinyamaza kidogo, kisha akasema babu yangu na Ackley wangeelewana. Nadhani lilikuwa sifa.

Ukishaelewa hayo, mazungumzo mengine yote ni nyongeza, lakini kuna mambo mawili ambayo lazima uyajue kwa sababu yatatajwa kila mara na ukiyajua utacheka kwa wakati.

La kwanza ni kuzunguka. Ndani ya mtutu kuna michirizi inayokizungusha kichwa ili kisipinduke njiani. Kwa michirizi inayokamilisha mzunguko mmoja kila inchi 14, kichwa kinachotoka kwa futi 4,600 kinazunguka zaidi ya mara 236,000 kwa dakika. Mashine yangu ya kukereza kazini inafika 2,000, na nikiifikisha hapo nasogea nyuma hatua moja. Kichwa chenye ngozi nyembamba ya shaba hakistahimili mzunguko huo. Kinatoka mdomoni mwa mtutu, na kabla ya kufika shabaha kinafumuka chenyewe hewani. Anayetazama kwa darubini huona moshi wa kijivu mfano wa mstari, kisha hakuna kitu. Karatasi ya shabaha imebaki bikira. Ukiwa uwanjani na mtu akasema "nimekosa, lakini kwa kasi gani!", anazungumzia hilo. Hapo cheka.

La pili ni uhai wa mtutu. Joto na gesi hula koo la mtutu, pale risasi inapoanzia safari, na kadiri ganda lilivyo kubwa kwa tundu dogo ndivyo linavyoliwa haraka. Hata Swift ya kiwandani ilipata jina baya la kula mitutu. Chukulia mtutu uliochoka baada ya risasi 1,000. Kila risasi inakaa ndani ya mtutu kiasi cha elfu moja ya sekunde na kitu. Jumlisha: mtutu huo umefanya kazi kwa sekunde moja na kidogo maishani mwake mwote, kisha unastaafishwa. Nilipompa baba mkwe hesabu hiyo, alikwenda kuiandika ukutani gerejini kwa chaki. Ipo mpaka leo.

Sasa namna ya kupima madai. Mtu akikuambia kimburu wake anafika futi 4,700, usibishe. Uliza maswali haya kwa sauti ya mtu anayetaka kujifunza: mtutu wa inchi ngapi? Kichwa cha greni ngapi? Kasi ilipimwa kwa chombo au ilihesabiwa? Zamani vipima kasi vilikuwa vitu vya maabara na vya wachache, na kasi nyingi za vimburu wa wakati ule zilizaliwa kwa kukisia, au kwa kuangalia risasi imeshuka kiasi gani mbali, au kwa kupenda tu. Vilipoanza kuuzwa vya bei nafuu, futi nyingi zilikufa kimyakimya. Baba mkwe anasema alimjua mtu aliyenunua kipima kasi, akakitumia siku moja, akakiuza akidai ni kibovu kwa sababu kinasoma chini.

Usisahau kuuliza pia kasi ya umbali wa yadi 300. Kichwa chepesi kikitoka mbio kinapoteza mbio haraka. Hewa inakizuia kama inavyozuia ganda la karanga ukilirusha, wakati jiwe linaendelea. Wapo wenye vichwa vizito na vyembamba mbele vinavyoanza polepole, na wakifika mbali ndio wako mbele. Swali hilo huleta ukimya mfupi, kisha mzee huomba chai.

Lakini usiulize chochote ukiona mtu anahangaika na komeo. Hili si la mzaha. Kuna siku uwanjani, benchi la tatu kutoka kwetu, jamaa alipiga risasi moja ya kimburu wake mpya na komeo likagoma kufunguka. Shinikizo lilikuwa limezidi, ganda limevimba na kung'ang'ania chumbani. Jamaa akachukua gogo dogo la kuni alilokuja nalo, alilokuja nalo, sikilizeni, maana yake haikuwa mara ya kwanza, akaanza kuligongagonga komeo huku akisema amebakiza futi 50 tu afike anapotaka. Baba mkwe alifunga begi lake. Hakusema neno mpaka tulipofika kwenye gari. Kisha akasema, "Yule bado hajaelewa kwamba ni mzaha." Tukaondoka, na hatujarudi siku za Jumamosi asubuhi tangu hapo, maana ndiyo siku yake.

Sentensi hiyo ilinifungulia mlango. Mzee huyu ana kabati la vimburu zaidi ya 20, na anaopiga ni wawili. Mmoja wa hao hata si kimburu tena: .22-250, aliyezurura gerejini kwa watu tangu miaka ya 1930 mpaka Remington walipomchukua 1965 wakampa vipimo rasmi na kumuuza madukani. Kimburu aliyefugwa. Anapiga vizuri, mtutu unadumu, kuchakuro hawajalalamika kwamba ni mpole mno. Waliobaki kabatini ni maganda matupu, yamebanwa, yamepanuliwa, yameandikwa majina kwa kalamu ya wino, na hayajawahi kuona baruti. Ni hadithi zake. Nyanya yangu alikuwa na vitendawili. Huyu ana maganda.

Ukifika hapo, uko tayari kwa hatua ya mwisho: kubuni wako. Namaanisha wa karatasi na shaba tupu, wa kuweka kabatini. Kanuni ni chache. Ganda mama liwe kubwa mno kwa kazi. Kichwa kiwe kidogo mno kwa ganda. Hesabu ziwe za kweli, maana mzaha wenye hesabu mbovu hauchekeshi mezani kwao. Na jina lisikike rasmi, litamkwe bila kutabasamu.

Kwa siku yake ya kuzaliwa alipotimiza 70 nilikereza mfano kutoka kwenye fito imara ya shaba, hakuna tundu ndani, hata fataki ni mchoro wa duara tu kitakoni. Umbo la nyuma nililifuata la .378. Bega nililiweka nyuzi 40, kwa heshima ya Ackley ambaye maganda yake aliyoyaboresha hutambulika kwa bega hilo kali. Shingo niliikondesha hadi milimita 5 hivi, na hapo kisu cha mashine kilitetemeka nikaharibu fito mbili kabla ya kupatia ya tatu. Nikaandika pembeni kwa herufi za kuchonga: .17 Amshamtaa.

Nikampa mezani. Nilijiinamia kidogo, tabia haiishi, nikasema kwa Kiingereza cha mtu wa ofisini kwamba ni risasi ya kale ya Tabora na kwamba jina ni la ukoo.

Aliigeuza. Akavaa miwani. Akapima bega kwa kidole, akapima shingo kwa macho, midomo ikicheza kama anapiga hesabu ya ujazo kugawa kwa tundu. Aliponiangalia, nilijua ameshajua kila kitu, isipokuwa maana ya neno. Nikamwambia sikioni.

Hakucheka. Akainuka, akaiweka juu ya rafu ya mahali pa moto, katikati, Loudenboomer akamsogeza kushoto.

Mwezi uliofuata walikuja wageni, mchungaji na mkewe. Mchungaji akaiona, akauliza ni nini. Baba mkwe akamtajia jina, taratibu, silabi kwa silabi, "A-msha-mta-a", uso mkavu kama nyika ya Septemba. Mchungaji aliitikia kwa heshima, akauliza kama huyo Amshamtaa alikuwa Mjerumani.

Mimi nilitazama sahani yangu.